Kifuko Nilichomshonea Wande

Bariadi, Ijumaa asubuhi, mwezi wa saba.

Baridi, upepo, vumbi. Malori ya pamba yanapita tangu alfajiri na kuacha nyuzi nyeupe kwenye miiba ya uzio wa jirani. Sijafungua duka. Nimekaa mezani na simu, chai imepoa, na leo sina upendo kwa mtu yeyote.

Naandika hivyo makusudi. Wanaosoma blogu hii wamezoea habari za mishono, na Jumapili mstari mmoja wa kutia moyo. Leo sina wa kumtia moyo. Anayetaka kutiwa moyo apite.

Nina hasira na Mama Shija. Nina hasira na mchungaji wangu. Nina hasira na mama yangu mzazi, ambaye sasa hivi yuko uani anafagia kana kwamba ardhi imemkosea. Na kuna mtu wa nne ambaye nina hasira naye kuliko hao wote. Nitamfikia.

Mimi ni mashoto.

Wengi wenu hamkujua, hata wateja wangu wa siku nyingi. Nimejificha vizuri. Nakula kwa kulia. Nasalimia kwa kulia. Naandika kwa kulia, mwandiko wa kuku, ndiyo maana nilishangilia simu zilipokuja. Lakini nikiwa peke yangu na kitambaa, mkasi huenda kushoto wenyewe. Mkasi wa dukani umetengenezwa kwa watu wa kulia, kwa hiyo unaniuma. Nina sugu kwenye shina la kidole gumba, ngumu kama kokwa. Mteja akiingia, nauhamisha. Miaka kumi na minne ya ufundi, nauhamisha mkasi kila mlango unapolia, kama mwizi anayeficha alichoshika.

Nilizaliwa Ipililo, kule Maswa. Nilipokuwa na miaka minne au mitano, mama alinifunga mkono wa kushoto ubavuni kwa kamba ya katani, asubuhi hadi jioni, msimu mzima wa kuchuma pamba. Nakumbuka katani ilivyowasha. Nakumbuka nzi aliyetua jichoni, na mkono uliotaka kumfukuza ukishindwa kutoka. Shuleni mwalimu alimalizia kazi kwa rula. Kufika darasa la tatu nilikuwa nimepona. Neno lilikuwa hilohilo nyumbani na shuleni: amepona.

Baadaye, nikiwa msichana, niliokoka. Siku ya ushuhuda nilisimama mbele nikamshukuru Mungu kwa mambo mengi, mojawapo kwamba alinitoa kushoto akanileta kulia. Wengine walidhani nasema kwa mafumbo. Sikuwa nasema kwa mafumbo. Kanisa lilipiga makofi, na nilifurahi sana siku ile.

Basi. Jumapili.

Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa shemasi, na Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuhudumu Meza ya Bwana. Wiki nzima nilifanya mazoezi hapa nyumbani na sinia ya chai: kushoto unabeba, kulia unagawa. Lakini sinia ya kanisani ni ya mbao, nzito, na vikombe vilikuwa vimejazwa juisi ya rosela, ndiyo divai yetu, hadi ukingoni. Nikalazimika kuishika kwa mikono miwili. Watu wakawa wanajichukulia wenyewe, mmoja mmoja, na mimi ninasonga. Nilianza kufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyepewa kazi na akaiweza.

Benchi la mbele kabisa, pembeni, hukaa Mama Shija. Ni mwenyekiti wa akina mama. Ndiye aliyenifundisha darasa la ubatizo, na ndiye aliyeniombea siku naolewa. Mikono yake inatetemeka siku hizi, kwa hiyo kikombe lazima upewe mkononi. Nilipofika kwake ilinibidi niachie mkono mmoja upesi, na mkono uliojitokeza haukuniuliza.

Akautazama. Akanitazama.

Akasema, wala si kwa sauti kubwa, ila kanisa lilikuwa kimya: "Sipokei Damu ya Bwana kwa mkono wa chooni."

Nikasema samahani, Mama. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yake: kwamba neno la kwanza kunitoka lilikuwa samahani. Nikahangaika kubadilisha mikono, sinia ikainama, vikombe vikaanguka, rosela ikatiririka kwenye sakafu hadi kwenye viatu vyake. Nikapiga magoti nikafuta kwa kanga yangu. Nilifuta kwa kushoto kwa sababu ndio wenye haraka. Nyuma yangu mtu akasema, "Unaona?" Sijui alikuwa nani. Sauti ile nimekuwa nayo wiki nzima, jikoni, dukani, kwenye foleni ya maji.

Shemasi mwingine alichukua sinia. Nilienda kukaa benchi la mwisho. Ibada ikaendelea hadi mwisho, watu wote wakashiriki, na hakuna aliyekumbuka kuniletea kikombe mimi.

Sasa mtu wa nne.

Nina mtoto mmoja, Wande, ana miaka mitano. Wande ni mashoto. Nililijua hilo tangu ana miaka miwili, alipochukua kijiko kwa mkono ule. Nilimhamishia kijiko, akakirudisha. Nilimhamishia, akakirudisha, anacheka, akidhani tunacheza.

Mwaka huu ameanza chekechea. Mwalimu wake ni binti mdogo tu, hana hata miaka ishirini na tano. Wiki ya pili aliniita akaniambia Wande anatumia kushoto, na kabla sijaanza kuomba radhi akasema, "Mwache tu, mama. Siku hizi hatuwabadilishi." Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani na neno lile. Nikakaa nalo miezi miwili, halafu nikashona kifuko.

Nitakieleza, kwa sababu nimeapa kusema ukweli leo. Kilikuwa cha kitambaa cha bluu, mabaki ya sare za shule. Tabaka mbili, mshono umelala vizuri. Kilikuwa kinaingia mkono mdogo wa kushoto, vidole vyote, na kufungwa kwa kifungo kifundoni. Ndani nilitia bitana laini ili kisimwashe.

Nilijivunia ile bitana.

Nilijiambia mimi si kama mama. Mama alitumia katani, mimi nimeweka bitana. Wande alikivaa wakati wa kula, wakati wa kuchora, na tukipata wageni. Shuleni hakukivaa, maana mwalimu angekiona. Maana yake nilijua. Mtu asiyejua kwamba anafanya ubaya haufichi.

Jumapili ile watoto walikuwa wameletwa mlangoni kutoka darasa lao, kusubiri baraka ya mwisho. Wande alisimama mbele ya wenzake. Aliona yote.

Tulirudi kwa miguu. Nyumbani nilikaa kitandani na kanga yangu yenye madoa, nalia kama mtu aliyefiwa. Sikumsikia alipoingia. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mbele yangu amevaa kifuko. Alikuwa amejifungia mwenyewe kifungo, kwa mkono wa kulia na meno. Uzi wa kifungo ulikuwa umelowa mate.

Akasema, "Mama, nimeshaufunga. Usilie."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimfokea. Nilikivuta kile kifuko kwa nguvu hadi kifungo kikaruka, nikamwuliza kwa ukali nani amemwambia akivae, na mtoto akakimbilia nyuma ya pipa la maji akajikunyata huko, amebana mkono wake kwapani. Nani amemwambia! Kulikuwa na mtu mwingine hapa ndani?

Hiyo ndiyo Jumapili yangu ya kwanza ya ushemasi.

Jumatatu nilikaa dukani bila kushona. Nilikuwa namlaani Mama Shija kimoyomoyo, na kila nilipofika kwenye neno kali kabisa, uso wa Wande nyuma ya pipa ulikuwa unanijia na neno linanigeukia. Mama Shija alinikataa mara moja, mbele ya watu, nikiwa mtu mzima mwenye miguu ya kuondokea. Mimi nilimkataa mtoto kila siku kwenye sahani ya chakula, mlango ukiwa umefungwa.

Tumeagizwa tumpende jirani kama tunavyojipenda wenyewe. Nimelisikia agizo hilo tangu nikiwa mdogo na siku zote nilidhani shida yangu ni nusu ya kwanza, jirani. Nilikuwa nafunga na kuomba nipate upendo zaidi kwa watu. Jumatatu ndipo nilipoona kwamba agizo hilo nimelitimiza sawasawa. Nimemtendea mwanangu vilevile nilivyojitendea. Nilijifunga, nikamfunga. Nilijionea aibu, nikamwonea aibu, nikamtilia na bitana.

Na nilikuwa nauita unyenyekevu. Kujidharau kwangu kote, kuhamisha mkasi, kukaa nyuma, kusema samahani kabla sijaulizwa, nilidhani ndiyo kujikana nafsi. Ni kiburi cha aina yake. Nilikuwa namwambia Muumba kwamba kazi yake naijua kuliko yeye, na hapa amekosea, na mimi nitamsahihishia.

Wande aliporudi kutoka shuleni nilikitoa kile kifuko kwenye boksi la mabaki, nikashika mkasi kwa kushoto, mlango wazi, nikakikata mbele yake vipande vidogo hata viraka visingetoka. Alitazama hadi mwisho. Halafu akauliza, "Utashona kingine?"

Nikamwambia hapana. Alitikisa kichwa kama wanavyotikisa watoto nesi anapowaambia sindano haiumi.

Jioni nilimpigia baba yake. Masanja yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki, hurudi kila baada ya wiki mbili. Nilimsimulia yote, na kifuko pia, maana hakuwahi kukiona. Nilikuwa nakificha hata kwake. Kuhusu kifuko alisema tu, "Kabula, kwa nini hukuniambia?" Kuhusu kanisa akasema nihame, makanisa yako mengi. Kana kwamba kanisa ni laini ya simu. Pale nilibatizwa. Pale nilifundishwa kusoma neno. Waliobeba jeneza la baba yangu ni wazee walewale waliokaa kimya Jumapili. Siwezi kuhama, na hilo nalo linanikasirisha.

Jumanne mama alishuka kutoka Maswa na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Habari zilikuwa zimemfikia Ipililo kabla sijafua kanga. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaitikia, akakaa kwenye benchi langu la wateja na hakuligusa jambo lenyewe saa nzima. Wande alikaa chini miguuni pake akimenya karanga. Alikuwa anamenya kwa kushoto, kwa woga, akinitupia jicho kila punje mbili.

Mama akainama akampiga kibao mkononi. Si kwa nguvu, kama mtu anavyomfukuza kuku.

Nikasema, "Mayu, usimpige."

Nina miaka thelathini na sita. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumkataza mama yangu kitu. Aliinua uso pole pole. Aliniuliza kama mjini ndiko nilikojifunza kumjibu, na nikamwambia sijamjibu, nimemwomba asimpige mtoto. Kisha kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamwuliza kuhusu kamba ya katani. Nilimwuliza kama anaikumbuka.

"Naikumbuka," alisema. "Niliisokota mwenyewe. Ningekuacha vile, ungeolewa wapi? Nani angepokea ugali mkononi mwako? Nilikufunga mimi ili wasikufunge wengine."

Nilisubiri aseme lingine. Alirudia kumenya karanga, kwa kulia, haraka haraka, maganda yakirukia kwenye nguo za watu nilizozikunja. Nilikuwa nataka pole moja tu. Nimegundua kwamba hana. Hajanificha, hana tu, kama mtu asivyo na chenji. Mama anaamini aliniokoa, na nadhani atakufa akiamini hivyo, na nitamzika nikiwa bado nina hasira kidogo.

Nilimwambia kwamba watu wenyewe wamenifunga vilevile, kamba yake haikuwazuia.

Jumatano saa kumi jioni niliitwa ofisini kwa mchungaji. Walikuwa wazee watano, Mama Shija kwenye kiti chenye mto, na mchungaji nyuma ya meza. Mchungaji wetu ni kijana mpole. Zamani niliuona upole wake kuwa tunda la Roho. Jumatano nilianza kuona kwamba wakati mwingine ni woga uliochana nywele.

Alinieleza kwa maneno mengi mazuri kwamba wazee wameshauriana. Wanapendekeza niombe radhi kanisani, nikae kando ya huduma miezi mitatu, na katika muda huo niombewe mkono.

Niombewe mkono. Nimeshona kwa mikono hii mashati ya ofisi nzima pale mjini, na sasa iombewe.

Nilikuwa nimejiandaa kwenda na maneno laini. Niliyaandika hata kwenye karatasi, kwa kushoto, na mwandiko ulikuwa mbaya zaidi ya wa kulia, kwa sababu haukuwahi kufundishwa. Karatasi ilibaki mfukoni. Nilimwuliza mchungaji swali moja: ni dhambi?

"Si dhambi, dada Kabula," alisema. "Lakini tuna wazee wetu ambao imani yao inakwazika. Tunawajibika kuwabeba."

Nikamwambia kama si dhambi, naombea radhi nini. Akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mama Shija ndiye aliyenijibu. Alisema hana ugomvi na mimi, mimi ni binti yake kiroho na atasimama popote kusema hivyo. "Nina ugomvi na huo mkono," akasema. "Tulifundishwa hivyo, na waliotufundisha walimjua Mungu. Kondoo kulia, mbuzi kushoto. Hayo si maneno yangu."

Nikasema, "Mama, mkono hauji kanisani peke yake. Unakuja na mimi. Ukiukataa, umenikataa mimi."

Nikamkumbusha kwamba zamani Mungu aliwainulia watu wake mwokozi aliyekuwa mashoto, na hadithi hiyo aliyenifundisha ni yeye, darasani, akifurahia jinsi yule mtu alivyomshangaza mfalme adui. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nikamwambia tena kwamba kitambaa cheupe kinachofunika Meza ya Bwana nilikikata kwa mkono huu. Joho la mchungaji nililikata kwa mkono huu. Na gauni alilovaa pale kwenye kiti, lile la zambarau lenye mikono mirefu alilotaka lisimbane kwenye mabega, lilikatwa kwa mkono huu, na hajawahi kulalamika kwamba linanuka choo.

Wazee walitazama sakafu. Nilijua nimevuka mpaka. Nilijua pia kwamba sitarudi nyuma.

Mama Shija alishika mkono wa gauni lake, akaupapasa kidogo kwa vidole vinavyotetemeka.

"Ningejua," akasema, "nisingelivaa."

Mchungaji akafunga kwa sala. Uamuzi ulitolewa wakati nikiwa nimesimama: sitahudumu mezani hadi wazee watakapoona vema. Hawakusema lini wataona. Kuombewa nilikataa, kuomba radhi nilikataa. Niliomba radhi kwa kitu kimoja tu, maneno ya kunuka, kwa sababu yalikuwa ya matusi na yeye ni mtu mzima. Hayo nilistahili kuyaomba radhi, na nikaona tofauti: samahani hii ilitoka kwa mtu aliyesimama wima.

Jana, Alhamisi, gauni la zambarau lilirudishwa. Nilikuta limewekwa kwenye kizingiti cha duka ndani ya mfuko, limefuliwa na kupigwa pasi. Hakuna ujumbe.

Nilichofikiria kulifanya gauni lile sitakiandika. Mwisho nililikunja nikaliweka rafu ya juu. Lake lipo, akilitaka aje. Halafu nikamwombea, maana tumeagizwa kuwaombea, na ombi lililonitoka ni kwamba Jumapili asikie baridi. Mungu anajua nilikuwa na maana gani. Sijatubu ombi hilo bado.

Mchana wote nilikata nguo kwa kushoto, mlango wazi. Mteja mmoja aliingia, mkono ukaruka kutaka kuhamisha mkasi, nikauzuia. Yule dada hakuona chochote. Aliuliza suketi yake itakuwa tayari lini. Nilikaa nikiwaza miaka niliyojificha kwa watu ambao nusu yao hawakuwa wananitafuta.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni, na niwe mkweli, niliisikiliza. Kilichonijia ni mambo ya kazi yangu tu. Fundi akikosea mshono, anafumua. Nguo iliyokosewa haiachi itoke dukani. Mungu alikuwa na miezi tisa ya kunifumua, akaniacha nilivyo, akanitoa nje. Na alipofika kwa Wande akarudia mtindo uleule. Mtu harudii mshono aliojutia.

Sidai mkono wa kushoto ni mtakatifu. Sitaki kuwa mtu wa kutembea na mkono wake juu kama bendera. Nataka utumike tu, usiwe habari. Naujua pia ubaya wangu halisi, ulimi wangu, chuki ninayoifuga, na huyo mtoto niliyemfunga. Hivyo ndivyo vya kutubia, na kwa miaka mingi sikupata nafasi ya kuvitubia kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kuombea radhi mkono.

Jumapili tutaenda kanisani, mimi na Wande. Sijui tutakaa benchi gani. Sijui sinia itapita kwetu au itaturuka. Ikituruka, Jumapili inayofuata tutaenda tena. Hilo ndilo nililoamua, na nimeliamua bila upendo, kwa ukaidi. Upendo ukija baadaye nitaupokea.

Nimalizie na chakula cha jana jioni, kisha nikafungue duka.

Nilisonga ugali, nikapika mlenda na samaki aliowatuma Masanja. Tulikaa mkekani watatu, mama, Wande na mimi, ugali katikati kwenye sinia moja kama siku zote. Tulinawa. Mama aliomba. Wande akanyoosha mkono wa kulia, akamega tonge, likamvunjikia kwenye mlenda, akamega tena, likavunjika. Hakulalamika. Alikuwa anakula kama mtu anayefanya mtihani, na hakumwangalia bibi yake. Aliniangalia mimi, mkono wangu.

Nikatoa mkono wa kulia kwenye sinia. Nikaupaka maji ule wa kushoto tena, mbele yao, kuanzia kifundoni, nikaupeleka kwenye ugali.

Sijui kula kwa kushoto. Sikuwa nalijua hilo. Mkono huu unakata kitambaa cha hariri bila kutetemeka, lakini tonge hauliwezi, haukuwahi kuruhusiwa. Tonge la kwanza liliniangukia pajani na mlenda wake. La pili nililifikisha mdomoni, nusu yake ikabaki kidevuni. Wande alifunga mdomo kwa nguvu kuzuia kicheko, akashindwa.

Mama aliacha kula.

Alikaa akiitazama ile sinia yetu moja. Nilijua anachokiwaza, na nilijua nikisema neno lolote patakuwa hapakaliki. Akainuka kwa shida, kwa kushika goti, akaingia ndani. Nikasikia vyombo. Nilidhani anakusanya mfuko wake.

Alirudi na sahani tatu. Akapiga magoti, akakata ugali kwa mwiko mafungu matatu, akaweka moja mbele yake, moja mbele yangu, moja mbele ya Wande. Akagawa na mlenda, akagawa na samaki, akamchagulia Wande kipande kisicho na miiba. Halafu akachukua sahani yake, akasogea hadi mwisho wa mkeka, akatupa mgongo nusu, akaendelea kula.

Wande aliitazama sahani yake. Akaninong'oneza, "Bibi amekasirika?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umelala pajani, umekunjwa ngumi.

"Tule hivyo hivyo?"

"Tule."

Akaukunjua. Tukala.